Mchoraji, Mtunzi na Mpaka: Sanaa Zilizovuka Malaba na Busia, 1971–1979

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mpaka wa Kenya na Uganda ulivyopambanua sanaa zinazosafiri kwa urahisi na zile zinazosafiri kwa taabu. Swali lake ni moja: msanii anapolazimika kuhama, huvuka na nini, na huacha nini ng'ambo?

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi yote kuanzia Malaba na Busia hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Uliposogezwa magharibi, mpaka uliwakata watu wamoja: Wateso wakawa pande zote mbili za Malaba, na Wasamia pande zote mbili za Busia. Reli ya Mombasa hadi Kampala hupita Malaba, na barabara kuu kati ya Nairobi na Kampala hupitia miji hiyo miwili.

Kabla ya mwaka 1971 wasanii walivuka bila shida kubwa. Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, ilifundisha wachoraji wa Afrika ya Mashariki nzima. Mwaka 1965 lilianza kundi la maonyesho la kusafiri la Makerere, lililoigiza katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Kundi la namna hiyo halisafiri na mapazia mazito wala kuta za mbao zilizochorwa. Mahali penye tukio huchorwa kwa maneno ya waigizaji, na kwa hiyo lugha yenyewe hufanya kazi ya mchoraji wa mandhari.

Mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 yalibadili hali hiyo. Miongoni mwa waliohamia Kenya katika miaka iliyofuata alikuwa Theresa Musoke, mchoraji aliyesoma Makerere na London. Aliishi Kenya takriban miaka 20 akifundisha na kuchora wanyama, ndege na watu. Picha zake hazikuhitaji mkalimani.

Kwa watu wa tamthilia mambo yalikuwa magumu zaidi. John Ruganda alifika Nairobi mwaka 1973 akaendelea kuandika, kwa kuwa tangu awali aliandika kwa Kiingereza, lugha ya jukwaa la chuo kikuu pande zote mbili. Robert Serumaga alichagua njia nyingine. Katika Renga Moi (1972) alichanganya lugha kadhaa za Uganda pamoja na ngoma, na katika Amayirikiti (1974) aliyaacha maneno karibu yote, akautumia mwili wa mwigizaji kama mchoraji atumiavyo rangi. Naye pia aliishia uhamishoni Nairobi, na huko alifariki mwaka 1980. Byron Kawadwa aliandika kwa Kiganda, lugha ambayo hadhira yake kubwa ilikuwa Uganda. Hakuhama. Aliuawa mwaka 1977, baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa la Lagos.

Ni vema kuwalinganisha hawa na Mgiriki Yannis Tsarouchis (1910–1989), mchoraji na mbunifu wa majukwaa. Mwaka 1959 alibuni mandhari na maleba ya Ndege ya Aristophanes, mwongozaji akiwa Karolos Koun. Onyesho likapigwa marufuku baada ya usiku wa kwanza. Wanajeshi walipotwaa serikali mwaka 1967, alihamia Paris na brashi zake. Hata hivyo hakuridhika na picha peke yake. Mwaka 1977, katika uwanja wa kuegeshea magari mjini Athens, alionyesha Wanawake wa Troya ya Euripides, akiwa yeye mwenyewe mwongozaji, mbunifu wa jukwaa na mfasiri: aliitoa tamthilia hiyo katika lugha ya kale na kuitia katika Kigiriki cha siku hizo. Aliona kwamba jukwaa bila lugha ya watu ni ukuta uliopakwa rangi tu.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo linalowahusu wanalugha. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa nchini Uganda. Mwaka 1974 kikaingizwa katika Bunge la Kenya. Huko Malaba na Busia kilikuwa tayari lugha ya madereva wa malori, makarani wa forodha, wachukuzi na wachuuzi. Tena hakikukosa uwezo wa jukwaa, kwani Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilikwisha chapishwa Tanzania mwaka 1969. Na bado tamthilia mashuhuri za Waganda waliohamia Nairobi hazikuandikwa kwa Kiswahili.

Sababu yaonekana pande zote mbili. Upande wa Uganda, Kiswahili kilinuka bunduki: wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari, na tangazo la mwaka 1973 lilitoka kwa serikali iliyowafukuza. Upande wa Kenya, jukwaa la wasomi lilitawaliwa na Kiingereza. Hivyo lugha iliyokuwa imevuka mpaka huo kila siku, juu ya malori na vichwani mwa wachukuzi, haikupandishwa jukwaani na wale walioihitaji zaidi. Mchoraji alivuka na kazi yake nzima. Mtunzi alivuka na nusu ya hadhira yake, na nusu nyingine, iliyokuwa imesimama pale pale mpakani, hakuisemesha.