Kobe wa Aldabra Walivyoponea Uwanja wa Ndege

Mgeni anayevuka kwa boti kutoka Mji Mkongwe hadi kisiwa cha Changuu huambiwa kwamba kobe wakubwa anaowalisha majani asili yao ni Shelisheli. Ni kweli: wanne wa kwanza waliletwa Unguja mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa huko. Lakini kule kwao, kisiwani Aldabra, wapo bado wapatao 100,000, wanajitafutia wenyewe bila ukuta wala kiingilio.

Si jambo dogo. Zamani visiwa vingi vya Bahari ya Hindi vilikuwa na kobe wa namna hii. Kosa lao ni uvumilivu: kobe hukaa miezi bila chakula wala maji na asife, kwa hiyo mabaharia waliwapakia wakiwa hai, wakawachinja safarini mmoja mmoja. Mauritius, Réunion na Rodrigues wakaisha kabisa. Aldabra iliponea kwa sababu ya ubaya wake. Maji baridi ni ya shida, mawe yake ya matumbawe yanakata viatu, na Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo walipungua sana, hadi mwaka 1874 Charles Darwin na wanasayansi wenzake wakamwandikia gavana wa Mauritius, aliyesimamia Shelisheli wakati huo, wakiomba kobe walindwe.

Hatari kubwa zaidi ilikuja baadaye. Mwaka 1965 Uingereza iliikata Aldabra kutoka Shelisheli, ikakusudia kujenga humo uwanja wa ndege za kivita. Wanasayansi wa Royal Society wakapinga, na mbunge Tam Dalyell akaibana serikali kwa maswali mfululizo. Novemba 1967 paundi ikashushwa thamani. Siku chache baadaye mpango ukatupwa. Kwa maoni yangu hazina tupu ilifanya kazi kubwa kuliko hoja zote.

Badala yake kambi ya kijeshi ikajengwa Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos. Huko hapakuwa na kobe wa kutetewa, palikuwa na watu tu, na hao Wachagosi wakahamishwa kwa nguvu kati ya 1968 na 1973.

Aldabra ilirudishwa kwa Shelisheli mwaka 1976, na UNESCO ikaiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1982. Anayebahatika kufika, kwa meli na kwa kibali maana hoteli hakuna, huwakuta asubuhi wakila majani yaliyotafunwa hadi kuwa zulia. Jua likipanda hukimbilia kivuli, kwa mwendo wao, wakabanana chini ya mti mmoja. Anayechelewa huweza kuiva ndani ya gamba lake. Kwenye vidimbwi vya mwambani hunywa kwa pua, hata maji yakiwa kidogo sana.

Asiye na nauli ya meli aende Curieuse, jirani ya Praslin huko huko Shelisheli, kisiwa kilichowahi kuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kobe wa Aldabra walihamishiwa huko, na sasa wanazurura ufukweni na vichakani wapendavyo.