Kanuni saba za Msalaba Mwekundu zilivyopatikana

Msalaba Mwekundu ulianza Geneva mwaka 1863, lakini ilipita karne nzima kabla wajitolea wake hawajakubaliana kwa maandishi wao ni nani. Jean Pictet alitoa kitabu cha kanuni 17 mwaka 1955. Nyingi mno kwa mtu anayekimbia na majeruhi! Tume ya pamoja ikazichambua, na mkutano wa Vienna, Oktoba 1965, ukapitisha saba: ubinadamu, kutobagua, kutoegemea upande, kujitegemea, kujitolea, umoja na kuwa wa dunia yote.

Alama ilisumbua zaidi. Waturuki walishika hilali tangu 1876. Fuwele nyekundu ilikubaliwa 2005 tu.

Huku Kivu, mjitolea anayevuka mstari wa vita hutegemea kanuni ile ya tatu. Wenye bunduki wakiitilia shaka, machela haipiti.