Inwit

Inwit ni neno la Kiingereza cha Kati, lugha iliyotumika Uingereza takriban kati ya mwaka 1100 na 1500. Lilitaja ujuzi anaoubeba mtu ndani ya nafsi yake: akili inayopambanua mambo, na pia dhamiri inayomshitaki mwenyewe anapokosa. Siku hizi halimo katika mazungumzo ya Waingereza. Wanaolifahamu wamelikuta vitabuni, na wengi wao katika jina la kitabu kimoja tu.

Neno hili liliundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya kienyeji, moja la “ndani” na jingine la “akili” au “ujuzi”. Lisichanganywe na neno la Kiingereza cha Kale lenye herufi hizohizo, lililomaanisha hila na uovu, ambalo limo katika maneno ambatani kadhaa ya utenzi wa Beowulf. Hilo lina asili yake nyingine.

Mapema katika karne ya 13 inwit inaonekana katika Ancrene Wisse, kitabu cha miongozo kwa wanawake waliojitenga na dunia wakaishi kwa sala katika vyumba vilivyoshikamana na makanisa. Mwandishi wake, ambaye hakuacha jina, analitaja neno “conscience”, lililopokewa kutoka Kifaransa na Kilatini, kisha papo hapo analifafanua kwa inwit. Neno geni lilihitaji mkalimani, na mkalimani huyo alikuwa neno ambalo wasomaji wale walilielewa bila kuelezwa.

Matumizi yenye kina kuliko yote yamo katika Piers Plowman, shairi refu la njozi ambalo William Langland alilitunga na kulirekebisha katika nusu ya pili ya karne ya 14. Katika sehemu ya tisa ya toleo ambalo wataalamu huliita B, mwili wa binadamu ni ngome iliyojengwa na Muumba. Ndani ya ngome anakaa bibi aitwaye Anima, yaani roho, naye adui anamvizia ili amteke. Mkuu wa ulinzi ni shujaa Inwit, mwenye wana watano ambao majina yao kwa Kiswahili yangekuwa Ona-vema, Sema-vema, Sikia-vema, Tenda-vema-kwa-mkono-wako na Enda-vema. Makao ya roho ni moyoni. Inwit yuko kichwani, akiuangalia moyo.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba kamusi ikiishia kusema “dhamiri” imelipunja neno hili. Langland anaye mhusika mwingine kabisa aitwaye Conscience, anayesimama mbele ya mfalme na kutoa hoja zake. Inwit yake ni uwezo wa kutambua, ambao Mungu amempa mtu ili ajitawale. Kwa hiyo walafi na walevi wanalaumiwa kwa kuiharibu amana hiyo kwa hiari yao. Wale waliopungukiwa na akili hawalaumiwi hata kidogo: shairi linalitaka Kanisa liwape mahitaji yao, pamoja na mayatima na wajane. Katika maandishi ya zama hizo ni vigumu kupata mahali ambapo neno la falsafa linageuka hivyo kuwa dai la haki kwa wanyonge, na kwa sababu hiyo peke yake kifungu hiki kinastahili kusomwa.

Kitabu kilicholibeba jina la neno hili ni Ayenbite of Inwyt, yaani “majuto ya dhamiri”. Dan Michel, mtawa wa abasia ya Mtakatifu Augustino mjini Canterbury, alikimaliza mwaka 1340. Alikuwa akitafsiri Somme le Roi, kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1279 kilichoandikwa na mtawa Mdominiko Laurent kwa ajili ya mfalme Philip III wa Ufaransa. Tafsiri yake ina makosa mengi, na wahakiki hawajaacha kumlaumu. Hata hivyo aliwaandikia baba, mama na jamaa wengine kwa lahaja ya Kent, lugha waliyoisema nyumbani, na nakala ya mkono wake mwenyewe ingalipo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Kwa wachunguzi wa lahaja hiyo ni hazina. Richard Morris aliihariri na kuichapisha mwaka 1866.

Baada ya karne ya 14 neno la Kifaransa lilishinda, likisaidiwa na Kanisa, mahakama na shule, ambako Kilatini kilikuwa kimeyazoeza masikio ya wasomi kulisikia. Inwit ikabaki katika miswada.

James Joyce aliirudisha katika riwaya ya Ulysses, iliyotoka Paris mwaka 1922. Mhusika wake Stephen Dedalus alikataa kupiga magoti na kusali mama yake alipokuwa akifa, na jina la kitabu cha Dan Michel linamjia akilini tena na tena, hata anapokutana na mdogo wake Dilly aliye katika ufukara na asimsaidie. Joyce analitumia kwa maana ya majuto peke yake. Pia aliandika “Agenbite”, kwa g mahali pa y, na waandishi wa baadaye wanaolitaja jina hilo kwa g mara nyingi wamelichukua kwake wala si kwa mtawa wa Canterbury.