Boma la Biharamulo na Nguzo za Herbert Baker

Mwaka 1861 wapelelezi kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, walikwama Usuwi, nchi ambayo leo iko ndani ya Biharamulo, Tanzania. Mkama, yaani mfalme, Suwarora hakuwaruhusu kupita mpaka walipe hongo, ushuru wa njia. Utawala wa nchi ile ulikaa katika nyumba za msonge, zilizojengwa kwa miti, matete na nyasi, na Wazungu wale walisubiri kama wasafiri wengine.

Miaka 40 hivi baadaye utawala ulihamia kwenye kuta nene. Wajerumani, waliokwisha kuweka kituo Bukoba tangu 1890, walijenga boma la Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20. Huku bara hapakuwa na ofisi ya wasanifu majengo. Maboma ya aina hii yalipangwa na maofisa wa jeshi, watu waliofikiria kwanza bunduki na ghala, ndipo umaridadi. Kazi nzito ya kubeba, kuponda na kupandisha kuta iliangukia mikono ya Waafrika.

Kenya ilipata kitu tofauti kabisa. Katika miaka ya 1920 Gavana Edward Grigg alimwita Herbert Baker, msanifu aliyechora Union Buildings za Pretoria na kushirikiana na Edwin Lutyens huko New Delhi. Baker aliendesha kazi za Nairobi pamoja na mshirika wake, Jan Hoogterp. Kwao zilitoka Ikulu ya Nairobi, jengo la mahakama ambalo leo ni la Mahakama ya Juu, na shule ya Prince of Wales, sasa Nairobi School, iliyofunguliwa 1931. Nguzo, matao na ua wenye kivuli: ndiyo sura ambayo dola ya Kiingereza ilitaka ionekane nayo, na fedha zake zilikwenda mjini, kwenye reli na walowezi.

Biharamulo haikuonjeshwa umaridadi huo. Wabelgiji waliiteka 1916, wakaiachia Uingereza 1921, na watawala wapya wakarithi boma la wale waliowatangulia.

Majengo ya Baker yana michoro, barua na jina la mwenyewe. Boma la Biharamulo linastahili heshima hiyohiyo, maana jasho lililolijenga ni la watu wa hapa. Wazee wa Biharamulo waliosikia habari za ujenzi ule kwa babu zao wahojiwe, na walimu wa historia wa wilaya waanze kazi hiyo na wanafunzi wao mwaka huu.