Lenzi ya telefoto

Lenzi ya telefoto (huitwa pia lenzi ndefu) ni lenzi ya kamera inayoonyesha kitu kilicho mbali kana kwamba kiko karibu. Hutumika hasa kupiga picha za wanyamapori, ndege na michezo.

== Uzito ==
Uzito wa lenzi hautokani na urefu wake tu. Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu la mwanga. Kwa hiyo lenzi ya milimita 600 yenye f/4 huhitaji kioo cha mbele chenye upana wa milimita 150 hivi, ya f/6.3 huhitaji 95, na ya f/11 huhitaji 55 tu. Canon EF 600mm f/4L IS ya mwaka 1999 ilikuwa na kilogramu 5.36. Toleo la tatu limepungua hadi 3.05, lakini bei yake bado ni ya wataalamu. Canon RF 600mm f/11 ina gramu 930 tu, ila jioni mwanga ukififia picha zake hujaa chengachenga.

== Kuchagua ==
Mkoa wa Simiyu umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na wapiga picha wa Bariadi na Binza wanaweza kuingia kwa lango la Ndabaka, karibu na Lamadi. Ndani ya hifadhi gari haliruhusiwi kuacha njia, wala abiria kushuka popote wanapotaka. Chui akiwa juu ya mti ulio mbali, hakuna namna ya kumsogelea isipokuwa kwa lenzi.

Kwa tembo na nyumbu milimita 300 mara nyingi zinatosha. Furukombe na mdiria wa Ghuba ya Speke huhitaji 500 au zaidi. Kwa asiyeishi kwa kazi hii, lenzi ya kuvuta, kama ile ya milimita 150 hadi 600 yenye kilogramu mbili hivi, hufaa kuliko lenzi kubwa ya urefu mmoja, kwa kuwa tembo akikaribia gari bado ataenea kwenye picha. Kamera yenye sensa ndogo ya APS-C huifanya lenzi ya 400 ione kama ya 600, nayo ni nafuu kubwa kwa bega na kwa mfuko.

Lenzi iliyotumika imulikwe kwa tochi kabla ya kulipiwa: kuvu ndani ya vioo huonekana kama utando wa buibui. Na hakuna lenzi, hata ya mamilioni, inayoondoa mazigazi ya saa saba mchana.

== Kubeba na kutumia ==
Lenzi nzito hushikwa kwa mkono wa kushoto chini yake. Mkanda hufungwa kwenye mguu wa lenzi, si kwenye kamera, kwa sababu uzito ukining'inia huweza kupinda maungio. Nao upitishwe begani kimshazari badala ya kuning'inizwa shingoni. Kwenye bodaboda begi hukaa mgongoni, kwani mtikisiko wa keria hulegeza skrubu.

Ndani ya gari stendi ya miguu mitatu haina nafasi. Mfuko wa kitambaa uliojazwa choroko au mchele, ukiwekwa dirishani, huituliza lenzi vizuri, na injini izimwe. Mfuko huo husafirishwa mtupu na kujazwa mtu akifika, jambo la maana kwa anayepanda ndege ndogo za hifadhini, ambako mzigo mara nyingi hauzidi kilogramu 15.

Kasi ya shata isipungue 1/600 ya sekunde kwa milimita 600. Kitulizi cha lenzi hupunguza mtikisiko wa mkono, lakini hakimsimamishi swala anayekimbia.