Lori la Sinema na Hesabu ya Vichwa

Asasi ya sanaa isiyofanya biashara inapofunga mwaka, ripoti yake huwa na sentensi moja isiyokosekana: filamu kadhaa zimeoneshwa, vijiji kadhaa vimefikiwa, wanufaika kadhaa wamehudhuria. Mfadhili huanza kusoma hapo, na mara nyingi huishia hapo hapo. Mtu angedhani sentensi hiyo ni ya juzi, imekuja na kompyuta na maandiko ya miradi. Kwa Afrika Mashariki ina umri wa karibu miaka tisini, na ilizaliwa katika milima ya Usambara. Tulipoipokea sinema ya kutembezwa vijijini tuliipokea pamoja na daftari lake la hesabu, na daftari hilo ndilo limetupotosha. Ukifuata historia yenyewe utaona kwamba idadi ya waliokuja kutazama haijawahi kueleza kama sinema ilifaa kitu. Kilichoeleza ni kama watazamaji walipata njia ya kuijibu.

Mwaka 1935 kikundi kidogo cha Waingereza kilipiga kambi Vugiri, Korogwe, kuendesha kilichoitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Wazo lilikuwa la J. Merle Davis, Mmarekani wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Alikuwa amechunguza maisha ya wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kuingiwa na wasiwasi kwamba migodi inawabadilisha vijana upesi kuliko vijiji vyao vinavyoweza kuelewa. Fedha nyingi, dola 55,000, zilitoka taasisi ya Carnegie ya New York. L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba makubwa huku kwetu, alisimamia upigaji picha, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia mafunzo. Katika muda wa miaka miwili hivi zilitoka filamu fupi 35, zikiwamo za minyoo ya safura, kilimo, kodi na akiba ya posta. Ile ya akiba ilikuwa na fumbo jepesi: mmoja anafukia fedha zake ardhini na mwizi anazifukua, mwenzake anazipeleka posta na kulala usingizi.

Ufundi wake ulikuwa na werevu unaostahili heshima. Sauti haikuchapwa kwenye filamu bali kwenye santuri, ili picha zile zile zizungumze lugha nyingine lori likivuka kwenda kabila jingine au koloni jingine. Jioni lori liliegeshwa uwanjani, pazia jeupe likatundikwa, jenereta ikanguruma, na fundi akalazimika kuanzisha projekta na santuri kwa pamoja. Sindano ikiruka, sauti na picha huachana njia, na hakuna wa kuzipatanisha hadi filamu iishe. Lori hilo lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kisha mwaka 1937 Notcutt na Latham wakachapisha kitabu cha taarifa mjini London, na serikali za makoloni zikakataa kuendelea kulipia mradi. Katika taarifa ile watazamaji wamehesabiwa, na vicheko vyao na ukimya wao vimeelezwa kwa macho ya aliyesimama kando ya projekta. Kwa sehemu kubwa wanaonekana bila kusikika. Watu waliokuwa wakihesabiwa kwa ajili ya kodi ya kichwa sasa walihesabiwa tena mbele ya pazia, na filamu mojawapo iliyokuwa ikioneshwa, kama kwa kejeli, ilikuwa ya kuwaeleza faida za kodi.

Vita vilipoanza mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, mtu wa afya aliyefanya kazi Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, hivyo apewe picha za polepole, zisizorukaruka, zenye jambo moja moja. Imani hiyo ilipata kisa chake maarufu kupitia msomi wa London, John Wilson, aliyesimulia jinsi filamu ya usafi ilivyooneshwa kwa wanakijiji wa Kiafrika. Mfanyakazi wa usafi anaonekana taratibu akiondoa maji yaliyotuama ili mbu wasizaliane. Ilipokwisha, watu zaidi ya thelathini waliulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Waoneshaji hawakujua hata kama filamu ina kuku. Wakaikagua picha kwa picha, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku anakurupuka na kupita pembeni mwa picha. Mwananadharia wa mawasiliano Marshall McLuhan alikiingiza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962, na tangu hapo kimerudiwa kama ushahidi kwamba asiyejua kusoma hajui kutazama.

Mimi nakisoma kinyume. Filamu nzima ilikuwa ya mtu mmoja akitembea polepole kati ya makopo na madimbwi, kwa sababu wenye filamu walikwisha kuamua kwamba watazamaji ni wazito. Kitu pekee kilichokwenda kwa kasi ya maisha ni yule kuku, na kuku akikurupushwa mwanakijiji yeyote hugeuza shingo, maana ni mali. Zaidi ya hapo, waoneshaji hawakuiona filamu yao wenyewe mpaka watazamaji walipowaambia kilichomo. Kama wangewahesabu tu na kuondoka, daftari lingesema watu thelathini wamefundishwa kuhusu mbu, nasi hata habari za kuku tusingezipata. Swali moja lililoulizwa, hata kwa nia ya kupima ujinga wa mwenzako, lilileta maarifa kuliko hesabu za mwaka mzima.

Nadharia ya Sellers ilikuwa ikikanushwa papo hapo na watu waliolipa viingilio kwa fedha zao. Unguja ilikuwa na jumba la fahari la Royal tangu miaka ya 1920, na pwani yote, Lamu hadi Dar es Salaam, watu walijaa kwenye filamu za Kihindi zenye mikasa iliyosokotana, nyimbo sita na kaka aliyepotea utotoni. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa na watu ambao hawakujua Kihindi. Walitoka wakiimba nyimbo zake na kubishana nani alimkosea nani. Wanawake walikuwa na maonyesho yao wenyewe, ya zanana, na kwenda huko kulikuwa shughuli kamili ya mavazi na maneno. Watazamaji wa mjini, kwa kuwa walilipa, walikuwa na jibu rahisi kuliko yote: filamu mbaya hawairudii. Mwanakijiji aliyeletewa lori hakuwa na jibu hilo, kwani hakununua tiketi na hakuwa na filamu nyingine ya kuchagua. Bure nayo ina gharama, na gharama yake ni kunyamaza.

Miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilibadili mtindo, ikatafuta kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili zenye wahusika na visa. Katika Muhogo Mchungu mhusika mkuu aliigizwa na mtumishi kijana wa ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Muongo haukwisha kabla kijana huyo hajawa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Sidai kwamba filamu ilimfanya kiongozi. Ila wenye filamu walitaka uso wa kufikishia ujumbe wao, na mwenye uso akawa na ujumbe wake. Baada ya uhuru Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa, mwaka 1968, na Fimbo ya Mnyonge ya 1974 ikapeleka vijijini hadithi ya Ujamaa. Lugha ilikuwa yetu na sura zilikuwa zetu. Mkao haukubadilika: pazia linasema, uwanja unasikiliza.

Mkao uligeuka kweli Mtwara na Lindi, miaka ya 1990. Mradi wa maendeleo vijijini wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland, ulitumia kamera ndogo za video, na wavuvi wakaanza kuzungumzia baruti iliyokuwa ikivunja matumbawe na kuua samaki wadogo na wakubwa pamoja. Kanda hizo zilizungushwa kijiji hadi kijiji, watu wa pwani moja wakasikia malalamiko yao yakitoka vinywani mwa watu wa pwani nyingine, kisha viongozi nao wakaoneshwa. Hapo filamu ilisafiri kutoka chini kwenda juu. Wavuvi walifika hatua ya kuunda chombo chao cha kupambana na uvuvi haramu, Shirikisho. Najua pingamizi lililopo: mwenye kuhariri kanda ndiye mwenye neno la mwisho, na kamera ya mradi haiwi ya mvuvi kwa sababu tu ameishika. Ni kweli. Lakini kati ya jibu lililohaririwa na kutokuwa na jibu kuna umbali, na wenye baruti waliuona umbali huo.

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lilianzishwa mwaka 1997 kama asasi isiyo ya kiserikali na kufanya tamasha la kwanza mwaka uliofuata, likijinadi kuwa la nchi za jahazi. Wageni huliona zaidi Ngome Kongwe, pazia likiwa wazi chini ya nyota. Upande unaonihusu hapa ni ule wa Panorama, yaani kuzipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, na kuwa na vikao vya wanawake ambavyo baada ya filamu huwa na mazungumzo. Mwanamke wa kijijini Pemba aliyeona filamu inayohusu ndoa, akaisema mbele ya wenzake, anafanya kile ambacho bibi yake alikifanya akirudi kutoka zanana. Kwa jicho la historia, basi, asasi haikuvumbua jambo jipya, bali ilikutanisha lori la Vugiri na baraza la wanawake wa mjini. Asasi ya FilmAid, iliyoanza mwaka 1999 kwa wakimbizi wa Kosovo na kufika Kakuma, Kenya, mwaka 2001, ilipita njia inayofanana: ilianza kwa kuwaonesha wakimbizi filamu, ikaja kuwafundisha vijana wao kuzitengeneza.

Mhasibu wa asasi atauliza: bila idadi, mfadhili atajuaje kwamba fedha hazikuishia kwenye mafuta ya gari? Swali la haki. Idadi ni ya mafuta ya gari, na itumike huko. Shida huanza inapopandishwa cheo na kuwa ushahidi wa kazi yenyewe, kwa sababu hapo asasi itachagua uwanja ulio kando ya barabara kuu badala ya kijiji cha visiwani chenye watu arobaini, na itakata muda wa mazungumzo ili iwahi uwanja wa pili usiku huo huo. Mazungumzo hayaongezi kichwa hata kimoja kwenye jedwali. Mwingine atasema si haki kuipima asasi ya leo kwa kivuli cha mkoloni. Nakubali kwamba nia hazifanani: Davis alitaka kuwabadilisha watu asiowauliza, na ZIFF ilijengwa na watu walioipenda sinema. Ila nia haiandikwi kwenye jedwali. Ukichukua ukurasa wa takwimu wa mwaka 1937 na wa asasi yoyote ya sasa, ukafuta majina, tofauti utaitafuta kwa tochi.

Pingamizi gumu zaidi ni la simu. Nani leo anahitaji kupelekewa filamu, na kila kijana ana sinema mfukoni? Jibu lipo kwenye kibanda umiza, kile chumba cha mabati na mabenchi ambacho watu wenye simu bado wanalipia kuingia. Kilichowavuta kwa miaka mingi ni sauti. Derek Mukandala, aliyefahamika kama Lufufu, alizungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili, akifasiri anapotaka, akikejeli anapotaka, akimpa mwigizaji wa Marekani misemo ya Kariakoo. Kampala mtu wa kazi hiyo huitwa VJ. Hakuna mfadhili aliyemtuma, na hakuna aliyehesabu wanufaika wake, ila santuri ya Vugiri ilikuwa imepata mwenyewe: sauti iliyowekwa juu ya picha sasa ilikuwa ya mtazamaji.

Kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam kimeiona thamani hiyo. Filamu yao fupi ya mwaka 2023, Tenzi za Sinema, inawafuata wenye vibanda na wafasiri, na kuwachukulia kuwa watu wa sinema, wala si wezi wa kanda. Ndani yake inasakwa nafasi ya kuoneshwa upya Arusi ya Mariamu, filamu ya Tanzania ya mwaka 1985 ambayo watu wengi waliisikia kwa jina tu. Inaporudi kwa hadhira inarudi kupitia watu wenye mazoea ya kuongea juu ya picha, ambao hawatakaa kimya kwa sababu filamu ni ya heshima.

Zile 35 za Vugiri hazikupata bahati hiyo. Nyingi zimepotea, na zilizosalia katika hifadhi ya Uingereza ni za kuhesabu kwa vidole. Santuri zake hazichezwi tena popote. Taarifa ya 1937 ipo maktabani, kurasa zake zote na hesabu zake zote.