Binti Anapokataa Chakula: Historia ya Maradhi ya Umri wa Kubalehe



Tumezoea kusema kwamba binti kujinyima chakula makusudi ni maradhi ya Wazungu wa siku hizi. Tukiitazama historia, kauli hii haisimami.

Mwaka 1689 tabibu wa Uingereza, Richard Morton, aliandika habari za binti wa miaka 18 aliyekatika hedhi, akapoteza hamu ya kula, akabaki mifupa na ngozi. Alichoka na dawa, akaziacha, akafariki. Mwaka 1873 William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa upande wake, walieleza maradhi ya namna hiyo, hasa kwa wasichana. Lasègue aliitazama na familia pia: wazazi humbembeleza binti, kisha humtisha, naye huzidi kukataa.

Kwa nini umri huo? Kubalehe humwongezea msichana mafuta kwenye nyonga na mapaja. Ndivyo Allah alivyomuumba. Anayewatangulia wenzake hutaniwa na kujiona tofauti, na tafiti nyingi zimemkuta katika hatari zaidi. Tena umri wenyewe umeshuka. Huko Norway, katikati ya karne ya 19, wasichana walivunja ungo wakiwa na miaka 16 hadi 17; kufikia miaka ya 1960 ilikuwa kama 13, kwa sababu ya lishe bora na maradhi kupungua.

Na Fiji je, ambako mwili mnene ulisifiwa? Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alipowauliza wasichana wa sekondari mwaka huo, hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 alipouliza tena, walikuwa asilimia 11.

Basi wazazi, tuchunge ndimi zetu. Kumwita binti "bonge" mbele ya ndugu zake si mzaha. Suratul Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na binti anayefunga sunna mfululizo huku amekonda na hedhi imekatika, tusiharakishe kumsifu kwa ucha Mungu. Mama akae naye kwa upole, kisha ampeleke kwa daktari mapema. Maradhi haya huua, na pia hutibika.

Wabillahi tawfiq.